Nyenzo Asilia

Mwaka jana mwezi wa tatu, mteja wangu mmoja wa Uingereza alinitumia picha kumi na nne za filimbi ya mbao. Jamaa hununua vitu vya kale kwenye minada na kuviuza mtandaoni. Kazi yangu ni kumwandikia maelezo: maneno mia mbili au mia tatu ya kumfanya mnunuzi aone kitu ambacho hawezi kukishika. Nimeshamwandikia kuhusu saa za mfukoni, masanduku ya chai, hata kiti cha kinyozi. Analipa kwa dola na hachelewi. Kwa mtu anayeishi keja ya chumba kimoja Roysambu, hiyo si sifa ndogo.

Chini ya picha kulikuwa na maagizo machache. Filimbi ni ya Uingereza, ya miaka ya 1820 hivi. Taja hali ya mbao. Taja kibonyezo cha shaba. Na la mwisho: usiandike popote kwamba pete zake ni za pembe za ndovu. Andika "nyenzo asilia".

Nilijua sababu. Masoko mengi ya mtandaoni yanakataza pembe za ndovu. Ukiliandika neno lenyewe, tangazo linaangushwa. Ukiandika nyenzo asilia, linapita kama matatu iliyoshasalimia askari.

Niliandika alivyotaka. Tangu siku hiyo kuna swali limekataa kunitoka: uovu ukikaa miaka ya kutosha, je, unaacha kuwa uovu? Unageuka kuwa historia tu, kitu cha kuweka kwenye kabati la kioo na kukiangaza kwa taa?

Lakini kwanza acha nikuonyeshe hiyo filimbi. Swali lenyewe halitakuuma kama hujaipenda kidogo.

Ina urefu wa sentimita 60 na kitu, na inapulizwa kwa ubavuni, si kwa ncha. Ni vipande vinne vinavyochomekana. Mbao yake ni boksiwudi, mti wa Ulaya unaokua polepole mno, kiasi kwamba shina la kutosha kutoa filimbi moja lina umri mkubwa kuliko fundi anayelikata. Mbao hiyo ni nzito, ya manjano, na nyuzi zake zimebanana hadi inachongeka vizuri upande wowote. Johann Joachim Quantz, aliyemfundisha filimbi Mfalme Frederick wa Prussia, aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1752 kuhusu ala hii, na hata suala la mbao hakuliacha: boksiwudi, alisema, ndiyo ya kawaida na ndiyo inayodumu.

Fundi hakuigusa mara moja. Mbao ilikaushwa kwa miaka, kwa sababu mbao mbichi ikiharakishwa hulipiza kisasi baadaye kwa kupinda. Kisha ilikerezwa kidogo, ikatobolewa katikati, ikaachwa ipumzike, ikarudiwa. Ukitazama kwa nje unaona bomba lililonyooka. Ndani siyo. Kipande cha kichwa kina upana uleule mwanzo hadi mwisho, lakini kuanzia hapo njia ya hewa inapungua kidogo kidogo kuelekea mguuni. Kupungua huko kunasaidia mambo mawili: matundu sita yanakaa karibu kiasi cha vidole kuyafikia, na sauti za juu zinakubaliana na za chini. Kosa la unywele mmoja kwenye upana huo husikika.

Halafu kuna kazi ambayo picha haiwezi kuonyesha. Kila tundu la kidole limechongwa tena kutoka ndani, kingo zake zikapanuliwa kidogo upande usioonekana, ili noti ikae mahali pake. Kwa nje tundu linaonekana dogo na la kawaida. Ndani ndiko fundi alikobishana nalo, akipuliza, akichonga, akipuliza tena. Mwishowe mbao ilipakwa asidi ya nitriki, ile manjano ikageuka kahawia ya asali. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kikapewa kibonyezo kimoja cha shaba chenye kipande cha ngozi chini yake. Basi. Alimaliza kwa kugonga jina lake kwenye kila kipande, mara nne, ili hata vipande vikitengana mtu ajue ni vya nani.

Nilikaa na picha hizo siku mbili, zaidi ya malipo yenyewe yalivyoruhusu. Sijawahi kupiga filimbi. Lakini nilimheshimu huyo fundi kwa namna ambayo sikuitarajia. Mtu anayechonga vizuri mahali ambapo hakuna atakayetazama, huyo ana kitu cha kutufundisha sisi wa kupiga kazi za mtandaoni.

Sasa tuje kwenye pete.

Ziko tatu, pamoja na kofia ndogo kwenye ncha ya kichwa. Mwanzoni nilidhani ni urembo. Siyo urembo tu. Pale vipande viwili vinapoungana, kimoja kina ulimi na kingine kina tundu la kuupokea. Ulimi umezungushiwa uzi ili ubane. Mpigaji akipuliza, pumzi yake ina joto na maji. Mbao inakunywa, ulimi unavimba, unaanza kusukuma ukuta wa tundu kutoka ndani. Ukuta huo ni mwembamba. Bila kitu cha kuushika ungepasuka. Pete ndiyo inayoushika, kama ukanda wa chuma unavyoshika pipa.

Kwa hiyo kinachozuia filimbi isipasuke ni jino la mnyama. Pembe ya ndovu ni jino, tukumbuke. Fundi aliliweka kwenye mashine ileile ya kukereza mbao, akalipa miviringo miwili mizuri, akaling'arisha.

Picha ya tisa ilikuwa ya kipande cha mguu, kimesimamishwa, pete ikitazama kamera. Niliivuta ikakua. Kwenye uso wa pete kulikuwa na mistari myembamba inayopishana kama wavu. Mfupa wa ng'ombe hauna mistari hiyo. Una vidoa vidogo vya mishipa. Plastiki haina chochote. Wavu ule ni alama ya ndovu, jinsi jino lake lilivyokua ndani ya taya lake, mwaka baada ya mwaka, akitembea mahali fulani. Filimbi ina jina la fundi mara nne. Ya ndovu ni hiyo mistari tu.

Nilimwambia jirani yangu wa mlango wa pili kuhusu jambo hili tukiwa tunangoja stima irudi. Akacheka. "Buda, huyo ndovu alikufa kabla babu ya babu yako azaliwe. Usipochukua hiyo doh ataamka?"

Hoja yake si ya kudharau. Ni hoja ya watu wengi, na sheria nyingi zimejengwa juu yake. Uingereza ilipitisha sheria ya pembe za ndovu mwaka 2018, ikaanza kutumika Juni 2022. Inakataza biashara ya pembe karibu yote, ila inaacha milango michache. Mmoja ni wa ala za muziki: kama ilitengenezwa kabla ya 1975 na pembe ndani yake ni chini ya asilimia 20, unaweza kuisajili na kuiuza. Maana ya mlango huo ni kwamba mpigaji wa leo hakumuua ndovu wa jana, na kuinyima filimbi ya kale mnunuzi hakuokoi ndovu wa kesho. Naielewa. Hata nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa.

Lakini tazama vizuri sheria inasema nini. Haisemi kwamba miaka imesafisha pembe. Inasema: ikiwa unataka kuiuza, njoo useme ni nini. Mteja wangu alikuwa na njia ya halali ya kusema ukweli. Alichotaka kwangu ni njia ya kutousema.

Na sisi Wakenya hoja ya miaka tunaijua vizuri mno. Hatukuisikia kwenye minada, tuliisikia kwenye mashamba. Ardhi inachukuliwa kwa nguvu au kwa kalamu. Mwaka wa kwanza ni wizi, kila mtu anasema. Miaka ishirini baadaye ni mgogoro. Miaka hamsini ikipita, mjukuu ana hati safi, amepanda maua langoni, na wewe ukiuliza lilipatikanaje unaambiwa unachimba mambo ya zamani, unaleta siasa. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyeomba msamaha. Kilichofanyika ni kwamba waliokumbuka wamekufa. Tukikubali kwamba miaka inaosha, tutakuwa tumekubali kwamba kazi ya aliyekosea ni kungoja tu.

Shamba, hata hivyo, linaweza kurudishwa. Ndovu hawezi. Hapo ndipo swali langu linapokuwa gumu kweli. Kunadaiwa nini mahali ambapo hakuna kinachoweza kurudishwa?

Kuna jibu moja ambalo nimekua nalo. Tarehe 30 Aprili 2016 nilikuwa kidato cha pili, nyumbani kwa likizo, na tulitazama kwenye TV serikali ikichoma pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Tani 105, zimepangwa kwa marundo 11, kila rundo kama nyumba ndogo ya nyasi. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1989 Rais Moi aliwasha moto kama huo kwa tani 12. Ujumbe ulikuwa mmoja: pembe haina thamani isipokuwa ikiwa kwa ndovu aliye hai. Niliamini wakati ule, na bado naamini.

Basi niwe mkweli na imani yangu. Kama ujumbe ule ni kweli, filimbi nayo iende motoni? Makumbusho ya Victoria and Albert kule London yana oboe iliyochongwa na Anciuti, fundi wa Milan, mwanzoni mwa karne ya 18. Hiyo haina pete za pembe. Yenyewe nzima ni pembe, kama kinara cheupe. Tuitupe pia?

Nimejaribu kusema ndiyo nikashindwa, na si kwa sababu ni nzuri. Uzuri ni kisingizio kibovu. Ungetosha, basi kila mwizi mwenye macho mazuri angekuwa hana kosa. Nimeshindwa kwa sababu ya kile moto ule ulichofanya. Zile tani 105 zilihesabiwa, zikapangwa mchana kweupe, dunia ikaitwa itazame. Zilikuwa na soko linalozingoja, na moto ukaliambia soko hilo kwamba hakuna mzigo unaokuja. Ulikuwa tamko. Nikichoma filimbi moja ya mwaka 1820 nyuma ya ploti Roysambu, sijamwambia mtu kitu. Nimefuta kazi ya fundi, na nimefuta pia mistari ile ya wavu, alama pekee kwamba huyo ndovu aliwahi kuwepo. Hiyo inaitwa kuchoma ushahidi.

Hapo nikadhani nimemaliza. Kisha nikampigia simu mjomba.

Mjomba wangu analima karibu na Voi, mahali ambapo ndovu wa Tsavo si picha kwenye noti wala kibandiko cha hisani. Nilimweleza habari yote, filimbi, pete, Mzungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kwa hivyo wewe huko Nairobi unamlilia ndovu aliyekufa miaka mia mbili. Wangu amekuja juzi usiku. Amemaliza mahindi, amevunja tangi la maji. Huyo utamwandika lini?"

Nikasema, "Pole, Mjomba."

"Pole haijazi tangi."

Sina jibu la kumridhisha mjomba, na sitajifanya ninalo. Lakini alinirekebisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeanza kumfanya ndovu kuwa malaika, mweupe kama pete zake. Ndovu ni mnyama mzito anayekula mahindi ya watu. Na pembe hazikufika Ulaya zikielea. Katika karne hiyo ya 19 zilitoka bara kwa mabega ya watu hadi Bagamoyo, Mombasa, Zanzibar. Wapagazi wa kulipwa, na watumwa ambao wenyewe walikuwa wakipelekwa kuuzwa. Pembe za Afrika Magharibi nazo zilikuwa na njia zake na mabega yake. Kwa hiyo lile neno "asilia" haliwafichi ndovu peke yao. Linamficha mwindaji, linamficha mpagazi, linafuta barabara yote. Ukisoma tangazo langu ungedhani pete ziliota kwenye filimbi.

Ndiyo maana siku hizi nayaona makosa mawili ambayo zamani nilikuwa nayachanganya. La kwanza ni kuua. Hilo ni la 1820, au kabla, na waliolifanya wameoza. Siwezi kulitengua wala kuliongeza. La pili ni kuficha. Hili halina umri. Linazaliwa upya kila filimbi inapobadilisha mikono na mtu akachagua neno la kulipitisha. La kwanza si langu. La pili nililiandika mwenyewe, kwa laptopu yangu, saa tano usiku, nikalitumia kabla bando halijaisha.

Na tazama, fundi hakuficha. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Aliing'arisha ile pembe ionekane, akaiweka pale ambapo jicho linaanzia. Kwake na kwa wateja wake ilikuwa fahari. Unaweza kumlaumu kwa kutojali, kwa kutouliza jino lilitoka kwa nani. Lakini chombo alichotengeneza kinasema ukweli juu ya kimetengenezwa kwa nini. Uongo ni wetu, sisi wa karne ya 21 tunaojua vizuri zaidi yake. Yeye hakuwa na aibu. Sisi tunayo, na badala ya kuitumia aibu hiyo kusema ukweli, tunaitumia kutafuta maneno laini.

Maneno laini nayafahamu. Baada ya kuacha chuo nilikula miaka miwili kwa kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo, kazi ambayo nusu ya vijana wa mtaa wetu wameifanya. Mtu wa huko anapata digrii, wewe unapata dola chache kwa ukurasa na jina lako halipo popote. Kwenye tovuti tuliitwa "wasaidizi wa kitaaluma". Sijilinganishi na ndovu. Mimi nililipwa, na nilienda kulala mzima. Ila najua inavyokuwa kazi yako ikiwa kwenye kitu, inakishikilia kisipasuke, na aliyekishika anataka usitajwe. Ungedhani mtu aliyepitia hapo angekuwa wa mwisho kumfanyia mwingine vivyo hivyo. Sikuwa wa mwisho. Nilihitaji kodi.

Miezi miwili baadaye mteja alileta klarineti. Boksiwudi tena, vibonyezo vya shaba, pete nyeupe. Maagizo yaleyale. Safari hii niliandika kila kitu nilichojua: mbao, namna ya kuikereza, kazi ya pete na sababu ya kuwepo kwake. Nikaandika "pembe za ndovu" waziwazi, na kwenye barua pepe nikamwambia kwa heshima kwamba sheria ya kwao inamruhusu kuisajili na kuiuza kwa jina lake halisi.

Akajibu: asante, maandishi mazuri. Akalipa siku hiyohiyo, dola zote. Wiki iliyofuata nikafungua tangazo. Maneno yangu yote yalikuwepo, hadi ile sentensi ya ukanda wa pipa, ila mahali pa yale matatu amebandika mawili yake. Tangu hapo hajaniletea kazi nyingine. Sijui kama ni kwa sababu hiyo. Huenda amepata programu inayoandika bila maswali.

Jirani yangu anasema nimepoteza mteja bure, kwamba klarineti iliuzwa na neno lilelile na hakuna ndovu aliyefaidika. Ni kweli. Dola za filimbi ya kwanza nazo sikuzirudisha. Zililipa wiki mbili za kodi ya nyumba hii, kwa hiyo wiki mbili nililala juu ya pembe kama mfanyabiashara yeyote wa Zanzibar.

Picha ya tisa bado iko kwenye simu. Kuna wakati naivuta ikakua, nakuta ile mistari inayopishana, kisha pembeni kidogo kwenye mbao nakuta jina la fundi, herufi zake bado kali.